Gramu Mia Nne na Ishirini

Kazi yangu ni mizani, ghala la viazi, Uyole.
Natundika gunia, nasubiri sindano itulie,
namwambia mwenye mzigo ukweli asioutaka.
Lumbesa naijua kabla haijashushwa:
kile kilemba cha viazi juu ya mdomo wa gunia,
kimefumwa kwa kamba, kinayumba
kama mlevi aliyevaa kofia mbili.
Basi niambie, mimi mpima mizigo,
nilinunuaje gitaa lenye lumbesa?

Yalikuwa matatu, dukani kwa Ambwene, Mwanjelwa,
yakining'inia juu ya redio na pasi za mkaa.
La kahawia lilikuwa na sauti ya kina kirefu. Laki tisa.
Nikaondoa mkono kama niliyegusa sufuria.
Jekundu lilinguruma uzi mmoja, likakohoa mitatu.
Na jeusi, lenye pembe mbili kama beberu:
laki tatu na nusu, nikalishusha hadi laki tatu na kumi.
Nililijaribu nimeketi juu ya kreti la soda.
Hapo ndipo nilipokosea. Roki haipigwi umeketi.
Ukiketi, paja linalisitiri gitaa
kama ndugu anayeficha madeni ya ndugu.

Wahenga walisema rahisi ni ghali.
Sawa. Lakini wahenga hawakuniachia laki tisa,
waliniachia methali.

Juni, chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga, Soweto.
Baridi inapenya chini ya mlango, pumba zimetukalia nyweleni,
Gwamaka anahesabu kwa vijiti, moja, mbili,
nami nasimama.
Kichwa cha gitaa kikashuka.
Hakikuanguka. Kilishuka, polepole, kwa adabu,
kama mbuzi anayetafuta majani magotini pangu.
Mkono wa kushoto, uliopaswa kutembea shingoni,
ukageuka mchukuzi.
Noti zangu zilifika zimechelewa, zinahema.
"Liuze," akasema Gwamaka.
"Nimuuzie nani? Adui yangu ana gitaa tayari."

Kesho yake nikaenda nalo kazini.
Mchana, malori yalipopungua, nikalivisha mkanda,
nikautundika mkanda kwenye ndoano ya mizani.
Kichwa, moja kwa moja, sakafuni.
Nikafunga mfuko wa nailoni kwenye kitufe cha mkiani,
nikatia kiazi. Cha pili. Cha tatu.
Wapakizi wakaacha kazi, wakaja kuangalia.
Tusekile wa hesabu akasema, "Huyu sasa anapima pepo."
Kwa kiazi cha tano, kidogo, cha mbegu,
shingo ikanyanyuka, ikatetemeka, ikalala sawa na upeo wa dirisha
palipokuwa na mlima na ukungu wake.
Hakuna aliyepiga makofi. Ila mmoja alisema, "Aisee."
Nikavipeleka vile viazi kwenye mizani ndogo ya duka la jirani:
gramu mia nne na ishirini.

Nzowa wa matairi, Mafiati, akanipa risasi,
vile vipande vya kubalansia magurudumu,
nikavigandisha ndani, chini ya kifuniko cha nyaya.
Fundi Kalinga akanikatia mkanda wa ngozi ya ng'ombe,
mpana kama kiganja, upande laini ukiangalia watu,
upande wa nyama ukiangalia bega.
"Laini inapendeza," alisema, sindano mdomoni,
"ila inayoshika ni hii."

Sasa lina uzito wa kilo nne na robo tatu.
Bega la kushoto halinisalimii asubuhi.
Lakini mkono, mkono umeachiwa:
unapanda, unashuka, unapotea, unarudi
kabla Gwamaka hajamaliza kupumua.

Siku nikivaa jaketi la mvua, lile linaloteleza,
bado kichwa huinama kidogo
katikati ya wimbo wa tatu, kama mtu anayesema ugonile.
Naliacha lisalimu.
Kisha nalirudisha, kwa kiwiko.