Tone la Piko

Limekuja ndani ya sanduku la shemeji, kutoka Maskati,
vipande mia na kumi, vyeupe kama meno ya utotoni.
Gari la Kimarekani, pua ndefu, makalio yamenyanyuka,
aina ambayo barabara za Wete hazijaionja.

Shaame kalitandaza juu ya meza yangu ya kukatia nguo.
Siku kumi na tisa cherehani imenyamaza.
Injini nzima inaenea kwenye kisoda;
waya za plagi kazichuna kwenye redio ya marehemu babake,
anazipachika kwa kibanio changu cha nyusi,
pumzi kaizuia,
na mimi nimekatazwa kupiga chafya.

Rangi? Ya kucha zangu, ile ya Idi.
Chupa imekwisha. Kucha tupu, boneti inang'aa.

Umeme ulipokatika nikamshikia tochi.
Ndipo nikaona usukani una mshono,
kaushona mwenyewe, kwa sindano yangu namba tisa.

Leo limekamilika, halina hata mkwaruzo.
Akalitazama, akanuna.
Akachovya njiti kwenye piko langu,
akadondosha tone moja chini ya injini.

"Gari lisilovuja," kasema,
"halijapata kwenda popote."