Mguu Wangu Hauna Kesi

Miaka miwili Murtazi ananiambia
mguu wangu mzito.
Mama yake, Eteri, akiketi nyuma na kikapu cha mayai,
hukishika kiti cha mbele kwa mikono miwili
kabla sijawasha gari.

Na kweli, Opel ile ina kigugumizi.
Gia ya kwanza, tukitoka sokoni Kutaisi,
nagusa mafuta kiasi cha kumkanyaga sisimizi
bila kumuua,
nalo linaruka, linasita, linaruka, linasita,
kama mtu anayetikisa kichwa kukubali
jambo asilolielewa.
Mayai matatu Jumanne. Mawili Ijumaa.
"Mguu," anasema Murtazi.
Eteri hasemi. Anahesabu maganda.

Tukabadilisha plagi.
Tukabadilisha sensa, kwa pesa za jino langu,
na jino likabaki linauma.
Fundi wa barabara ya Tkibuli akasafisha koo la injini
kwa dawa yenye harufu ya peasi zilizoiva mno,
akapokea chake, akafuta mikono:
"Sasa ni dereva tu."

Dereva tu.

Otia ana karakana nyuma ya ghala la magunia.
Sikio lake la kushoto halisikii, la kulia halisikilizi,
kwa hiyo magari huyasoma kwa kiganja.
Hakuniuliza kisa. Alifungua boneti.
"Kanyaga breki mpaka mwisho.
Tia ya kwanza. Achia klachi nusu, mafuta kidogo.
Sasa rivasi. Sasa ya kwanza tena."
Gocha, mwanafunzi wake, akarudi nyuma hatua tatu.

Niliona kupitia ufa kati ya boneti na kioo:
injini ikainuka.
Ikainuka kama ng'ombe anayeamka, nyuma kwanza,
ikatua, ndu,
ikainuka tena.

"Itazame kebo," alisema Otia.
Kebo ya mafuta, kichwa chake kwenye pedali yangu,
mkia wake kwenye injini.
Injini ikiinuka, inaivuta kebo;
kebo ikivutwa, mafuta yanafunguka;
injini inashtushwa na nguvu iliyojipa yenyewe,
inaanguka, kebo inalegea, mafuta yanajifunga,
gari linainama kama limesahau kitu,
na mimi huko ndani natupwa mbele,
narudishwa nyuma,
na unyayo wangu unatupwa pamoja nami.
Kumbe gari lilikuwa linajikanyaga!

Jeki chini, kipande cha ubao juu ya jeki,
injini ikainuliwa taratibu,
Gocha akalegeza boliti tatu, ya nne ikagoma,
ikatukanwa, ikatoka.
Mpira wa kubebea injini ukaanguka kwenye kiganja cha Otia,
umelowa oili, umepasuka kama kisigino.
Akauelekeza kwangu, akiuinua juu kama ushahidi:
"Huu hapa mguu mbovu."

Lari arobaini, mpya, na kazi yake.
Mayai tuliyoyavunja yalikuwa ghali zaidi.

Ule wa zamani niliuomba, nikauviringisha kwenye gazeti.
Jioni nikauweka mezani, kando ya mkate,
mbele ya Murtazi.
Aliugeuza. Akaugeuza tena.
"Lakini na wewe," alisema, "ulikuwa unakanyaga..."
Eteri akamnyang'anya,
akaingiza kidole ndani ya ufa wa mpira
mpaka kwenye pete ya ndoa,
akakichomoa, cheusi, akamtazama mwanawe.
"Kula," alimwambia.

Tangu hapo gari linaondoka
kama siagi kwenye kikaango cha moto.
Mayai thelathini Jumanne, mazima yote,
na Eteri ameachia kiti, anasinzia.

Mguu tu ndio haujaamini.
Mpaka leo, kila asubuhi,
unaigusa pedali kama mtu anayepiga hodi
kwa watu wanaomdai.