Soksi ya Mguu wa Kushoto

Baba amesimama miaka arubaini na moja
mbele ya sufuria ya shaba, Wete, nyuma ya soko,
mwiko mkono wa kulia, uzito mguu wa kushoto.
Halua haitaki mtu wa kukaa.
Ukikaa inashika chini, ukiondoka inakuaibisha.
Saa tatu, saa nne, mpaka samli ijitenge.

Mishipa ilianza kama utani:
vijistari vya buluu pembeni mwa goti,
kama mtoto wa darasa la kwanza
kapewa kalamu ya wino akakosa karatasi.
Baba akacheka. Kisha ikavimba, ikajisokota
kama kamba ya kisima iliyotupwa bila kukunjwa,
na jioni mguu ukawa mzito, wa mtu mwingine
aliyemwachia amtunzie.

Dawa tulizijaribu kabla ya kuuliza ugonjwa.
Shangazi Kazija akaleta mafuta ya karafuu;
ngozi ikababuka, mshipa ukatutazama tu.
Mzee mmoja wa Ole akaja na pembe na wembe, apige chuku.
Mama akasimama mlangoni:
"Damu hiyo hutoiona wewe."

Spitali ya Mkoani. Benchi. Namba thelathini na nane.
Daktari Thuwaiba, mdogo kuliko mwiko wa baba,
akapaka mafuta ya baridi, akapitisha kifaa
taratibu, kama anayepiga pasi kanzu ya Idi,
na damu ya baba ikasikika kwenye spika:
shuu. Kimya. Shuu.
"Inapanda, halafu inarudi.
Ndani ya mshipa mna vilango, mzee. Vyako havikazi."
Baba akauliza kama fundi seremala anaweza.

Kuna sindano, alisema, kwa vile vijistari:
dawa inaingia, kuta zinanatana,
mwili unausahau mshipa,
ingawa vyengine huzaliwa jirani.
Kuna leza, uzi unaopita ndani na kuunguza kimyakimya;
hiyo si hapa, na bei yake
baba aliipima kwa ratili za halua, akaacha kuhesabu.
Kuna kisu. Mshipa unafungwa juu, unavutwa, unatoka.
"Na damu itapita wapi?"
"Njia kuu iko ndani. Hivi ni vichochoro."
Akanyamaza, akavuta mtoto wa meza.
"Na kuna hii. Haiponyeshi. Inashikilia."

Soksi. Rangi ya ngozi ya mtu ambaye si sisi.
Inabana kama deni.
Baba aliitazama kama aliyeambiwa avae kanga ya mkewe.
Udhu ulimsumbua zaidi kuliko aibu;
akenda kwa Maalim Khatibu,
akarudi na jibu refu na uso mwepesi.

Sasa akishasali alfajiri hujilaza tena,
miguu juu ya mto wa sufi,
mpaka damu ikumbuke ilikotoka.
Ndipo ninakaa ncha ya kitanda.
Poda kidogo. Ninaikunja hadi kisigino, ninavuta,
yeye anahesabu boriti za dari.
Za skuli alinivisha yeye, nyeupe, mpira umelegea,
akazifunga kwa uzi wa kushonea vikapu vya halua.
Hatukulitaja hilo, mimi wala yeye.

Dukani, mwiko tunagawana.
"Kigimbi ni moyo wa pili," daktari alimwambia, "kipe kazi."
Basi huku anakoroga hupanda kwa vidole, hushuka,
hupanda, hushuka,
na wateja hugeuka kuangalia
anamchungulia nani sokoni.

Kisu kimepangiwa baada ya Mfunguo Mosi.
Kabla ya hapo hapana, Pemba nzima inataka halua.

Soksi huanikwa kivulini, peke yake, mwisho wa kamba.
Jana Bi Mwanamize akachungulia uani:
"Ya nani hiyo?"
Nikameza mate. Baba akajibu kutoka barazani,
mguu juu ya kigoda:
"Yangu. Ya kushoto.
Wa kulia mzima, usinitilie jicho."