Sahani ya Nambozo

Kwenye kichupa: Nambozo, mshonaji, soko la Mbale.
Anabana mkojo tangu alfajiri.
Choo cha soko shilingi mia tatu,
na maji hanywi, ili asije akakilipia.

Nimeupaka mkojo wake sahanini,
nikaifungia kwenye joto la mwili,
nyuzi thelathini na saba.
Asubuhi bakteria wameota
kama ulezi baada ya mvua ya kwanza.

Daktari ataandika vidonge.
Mimi ningeandika pembeni:
sukari iko juu, kibofu hakikauki,
maji yasiyotembea huota ukoga.

Ila fomu ina kisanduku kimoja.
Najaza: *Hawahesabiki.*

Kisha natoka, nakunywa bilauri mbili,
na jioni, sokoni,
nalipa mia tatu.
Mia sita.
Yake pia.