Sauti ya Nne

Nimelipakata boksi kutoka Mwanjelwa hadi Tukuyu
kama mgonjwa anayerudishwa nyumbani,
mvua ikitupiga tangu Isyonje.
Kijana wa duka alinifunza kwa vidole:
"Tano nukta moja, dada. Hizi tano ni watoto.
Hii moja ndiyo mzee wao.
Haisemi sana, ila ikisema utajua."

Sasa zimelala mkekani, spika tano na sabufa,
nyaya zimejiviringa kama matumbo ya mbuzi.
Ipyana wa jirani ananishikia tochi ya simu.
Namenya waya kwa kisu cha vitunguu,
nyuzi za shaba zinachomoza, nazisokota kwa mate.
Ya katikati, chini ya runinga.
Za mbele, moja juu ya kabati la vyombo, moja juu ya friji
iliyozimwa tangu Juni, maana Juni huku
nani ana shida na friji.
Za nyuma zipande ukutani, usawa wa masikio ya aliyekaa.
"Masikio ya nani?" Mama anauliza.
Lake la kushoto lilifunga mwaka jana.
La kulia huchagua la kusikia.

Tunawasha. Kwaya inaingia bila tumbo:
wanawake wako juu, wanang'aa,
na chini yao hakuna sakafu.
Naongeza. Kelele inaongezeka, sakafu haiji.
Ipyana ndiye aliyeona: spika ya kushoto
nimeipachika kinyume, nyeusi kwenye nyekundu.
Hii inasukuma hewa, ile inaivuta,
kama sisi na Baba Mdogo
mwaka ule wa shamba la chai:
kila mmoja anasema kweli, na hakuna kinachosikika.

Nikageuza. Bado sabufa ilinguruma
kama mtu aliyefunikwa gunia.
Nikakumbuka tena kijana wa duka:
"Usimtafutie mzee mahali ukiwa umesimama.
Mweke kwenye kiti cha kutazamia,
kisha wewe tambaa, ukuta hadi ukuta.
Utakapomsikia vizuri, hapo ndipo pake."

Kiti cha kutazamia ni kimoja tu.
Hakijakaliwa tangu Machi ya mwaka juzi.
Mama alinitazama. Akatoa mto. Akapangusa
pasipo na vumbi.
"Weka."

Basi nikatambaa, mimi, afisa mikopo, miaka arobaini na moja,
magoti kwenye saruji ya baridi.
Dirishani: mvumo mtupu.
Nyuma ya mlango: kimya cha ndani ya ndoo.
Chini ya meza nilikuta kifungo, ganda la karanga,
na harufu ya nta nyekundu
niliyoisugua kila Jumamosi enzi za shule.
"Ulianza hivyohivyo," Mama akasema, "kinyumenyume."
Ipyana akacheka mpaka tochi ikayumba.

Kwenye kona ya mabuti,
pale Baba alipoyavulia akitoka kuchuma chai,
sauti ikanyooka.
Haikupita sikioni. Ilipanda viganjani,
ikavuka viwiko, ikakaa hapa.

Tulipoihamishia konani, kabla sijanyanyuka,
Mama alishaitandikia kitambaa cha kufuma
na chombo cha maua ya plastiki.
Kwaya ilipofika kiitikio, chombo kikaanza kutembea.
Nikanyoosha mkono nikitoe. Akanizuia.
Alikuwa amevua ndala,
nyayo zimelala bapa sakafuni, vidole vimepanuka.
"Ngoja. Hiyo ni sauti ya nne."

Jumapili za miaka thelathini
yeye safu ya mbele, sauti ya kwanza,
Baba safu ya mwisho, mgongoni kwake.
"Sikuwa nageuka," akasema.
"Nilikuwa namsikia kwa visigino."

Nje mvua ikashika mabati, ile isiyobisha hodi,
ikazifunika zote tano.
Ile moja haikufunikwa.
Maua yalifika ukingoni, Ipyana akayadaka.
"Mama, luku imebaki uniti tatu," nikasema.
Hakunisikia,
au alichagua.