Ya Kumi na Tisa

Trieste, Jumapili ya tatu ya mwezi.
Upepo unapekua meza kama mteja asiye na pesa.
Ervino kauweka mkufu kwenye sahani ya kahawa,
kati ya vijiko vya fedha na funguo zilizokosa milango.
"Lulu za marehemu mke wangu. Euro sitini."

Sisemi kitu. Naupima kiganjani:
mzito, na baridi yake haina haraka ya kuondoka.
Kila punje ina fundo lake la hariri,
uzi umegeuka rangi ya chai
pale shingo ilipotoka jasho miaka na miaka.

Kisha, bila haya, nauma.
Lulu ya kweli hukwaruza jino kama mchanga laini;
ya bandia huteleza, kama uongo uliozoeleka.
Ya kwanza, mchanga. Ya pili, mchanga.
Ervino anatazama pembeni
kama aliyemwona mgeni akila katika sahani ya mkewe.

Ya kumi na tisa ikateleza.

Narudia. Kioo. Kioo kitupu,
na fundo lake jeupe kuliko mengine.
"Mwaka ule bandari ilipotuachisha kazi," akasema, wala sikuuliza,
"Krismasi tulikula nyama.
Sikumuuliza Nives ilitoka wapi."

Hapo ndipo pa kukata bei; ndivyo nilivyofunzwa.
Nikatoa noti tatu za ishirini.
Hakuzihesabu.

Usiku huu nabadilisha uzi,
mafundo yote, moja moja.
Kioo kinarudi palepale.