Nyuma ya Stakabadhi

Stakabadhi ya korosho, daraja la pili, kilo mia na kumi.
Nyuma yake nimeandika kwa kalamu ya karani wa ghala:

Kujua baiskeli.
Kuvuka Ruvuma, nikalipalilie kaburi la bibi.
Kumwambia Chitanda lile deni lilikuwa langu.

Miaka arobaini na tisa Newala,
Shimo la Mungu naliona kila nikianika nguo,
sijalishuka hata siku moja.
Hilo nalo nikaliandika.

Jumapili nikaanza na baiskeli.
Mjukuu kashika kiti, kaachia bila kuniambia,
nikatua juu ya makopa ya Mama Nanjota.

Alicheka mpaka kanga ikamdondoka.
Kisha akaokota karatasi iliyonitoka kifuani,
akaisoma kimya.

"Chini hapa," akasema,
"pamebaki nafasi?"